Kijiti, Daftari na Kompyuta: Habari za Vyombo vya Kutungia Kitabu Kirefu Uchaggani

Si mara chache walimu wa Moshi na wa vijiji vya mlimani huulizana ni programu gani ya kompyuta ifaayo kwa mtu atakaye kutunga riwaya. Swali hili laonekana kuwa jipya, kwa kuwa kompyuta ni chombo kipya. Walakini ukilitazama vizuri utaona kwamba ni swali la zamani. Kila mtu aliyejaribu kushika maneno mengi pamoja, yasipotee wala yasichanganyike, amelazimika kuchagua chombo cha kuyashikia. Katika mlima huu wa Kilimanjaro uchaguzi huo umefanywa mara nyingi, kwa vyombo mbalimbali, na matokeo yake twayaona hata leo: mengine yamehifadhika, na mengine yamepotea kabisa. Basi, twataka kueleza kwa ufupi habari za vyombo hivyo, kisha tulijibu swali la walimu kwa mafundisho tuliyoyapata humo.

Yafaa tuanze kwa kutazama mzigo wenyewe, maana asiyejua mzigo hawezi kuchagua kikapu. Barua au hotuba mtu aweza kuishika yote kichwani tangu mwanzo hata mwisho. Riwaya haishikiki hivyo. Ndani yake wamo watu wengi, kila mmoja na jina lake, umri wake, ukoo wake na siri yake. Yamo majira yapitayo, na mambo yaliyotajwa katika sura ya pili ambayo msomaji atayadai katika sura ya ishirini. Muhammed Said Abdulla wa Unguja alipotoa Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, hadithi ya upelelezi wa Bwana Msa, ilimpasa kuweka kila dalili mahali pake kabla ya kulifumbua fumbo. Tena mwandishi wa kwetu aghalabu si mtu mwenye nafasi. Ni mwalimu aandikaye jioni baada ya kusahihisha madaftari ya wanafunzi, au mchungaji aandikaye kati ya ibada na safari. Huiacha kazi juma zima, kisha huirudia akiwa amesahau nusu yake. Kwa hiyo chombo chake chapaswa kufanya kazi mbili: kumkumbusha mpango wa kitabu, na kumtunzia maneno yenyewe. Kazi hizi mbili si moja, kama tutakavyoona.

1. Mregho

Kabla ya kalamu kufika Uchaggani, mafundisho marefu yalikuwako. Vijana walipotiwa katika utu uzima walifundishwa habari za kuzaliwa kwa mtu, za ndoa, za heshima kwa wazee na za desturi za nchi. Na mafundisho hayo hayakuwa maneno ya siku moja. Chombo kimojawapo cha kuyafundishia kilikuwa mregho, yaani kijiti kilichochongwa alama. Bruno Gutmann, mmisionari wa Kilutheri wa chama cha Leipzig aliyekaa miaka mingi Moshi ya zamani, aliandika habari zake katika vitabu vyake vitatu vya mafundisho ya Wachagga, vilivyotolewa kati ya mwaka 1932 na 1938. Otto Raum naye, mwana wa mmisionari wa mlimani, alizieleza katika kitabu chake cha maisha ya watoto wa Kichagga cha mwaka 1940.

Alama za mregho zilifuatana kwa makundi, na kila kundi lilikuwa na fundisho lake. Mwalimu alipofika penye alama alitoa maneno yake, kwa nyimbo na kwa mafumbo, kisha akapita kwenda alama ya pili. Tazameni hekima ya chombo hiki. Kijiti hakiandiki neno hata moja. Chaandika utaratibu tu. Mafundisho ya siku nyingi yalikaa katika mkono mmoja, na mwalimu aliweza kuona kwa mara moja yaliyokwisha pita na yaliyosalia. Hakuna fundisho lililorukwa, wala la mwisho halikutangulia la kwanza.

Walakini mregho ulikuwa na upungufu mmoja, nao ni mkubwa. Maneno hayakukaa katika kijiti. Yalikaa katika mwalimu. Mwalimu alipokufa bila kumwachia mwingine maneno yake, kijiti kilibaki kijiti. Aliyeuona mregho bila mwalimu aliona mikwaruzo juu ya mti. Hayo tuyajuayo leo twayajua kwa sababu wazee walikubali kuyasema kabla hawajafa, na wengine wakayaandika. Basi, chombo cha kwanza cha mlima huu kilitunza mpango vizuri sana, lakini hakikuyatunza maneno.

2. Shajara na kamusi

Johannes Rebmann, mmisionari wa Church Missionary Society aliyekaa Rabai karibu na Mombasa, aliuona mlima wa Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, akiongozwa na Bwana Kheri, mtu aliyezijua njia za bara. Chombo chake cha kuandikia kilikuwa shajara: siku moja, habari zake, siku ya pili, habari zake. Sehemu za shajara hiyo zilipigwa chapa Uingereza mwaka 1849, na wataalamu wa ramani, hasa William Desborough Cooley, wakakataa kusadiki kwamba theluji yaweza kukaa karibu na ikweta. Miaka ikapita hata Karl Klaus von der Decken alipofika mlimani mwaka 1861 na 1862 na kuthibitisha neno la Rebmann. Katika muda huo wote mashindano yalikuwa juu ya maneno yaliyoandikwa siku ile ile ya kuona, wala si juu ya kumbukumbu ya mtu mzee. Hiyo ndiyo nguvu ya shajara.

Lakini shajara ina mpango mmoja tu, yaani mpango wa siku. Mtunga riwaya akiandika hivyo, siku baada ya siku, atapata mrundo wa kurasa uliofuata mawazo yake, si hadithi yake. Maana ya hadithi huja kwa mpango mwingine: sura iliyoandikwa mwisho huenda ikawa ya kwanza.

Rebmann na mwenzake Johann Ludwig Krapf walikuwa na kazi nyingine iliyohitaji chombo cha namna nyingine, nayo ni kamusi. Katika kamusi kila neno husimama peke yake na maelezo yake, na likipatikana neno jipya huingizwa mahali pake bila kuyavuruga mengine. Rebmann alirudi kwao Ujerumani akiwa kipofu, akafariki mwaka 1876; kamusi yake ya Kiniassa ilitolewa mwaka 1877, akiwa ameitengeneza Krapf ipigwe chapa. Krapf naye alifariki mwaka 1881, na kamusi yake kubwa ya Kiswahili ikatoka London mwaka 1882. Kazi mbili, na mwenye kazi hakuwako tena zilipotoka! Jambo hili liliwezekana kwa sababu mbili: kila kipande kilijitegemea, na mtu mwingine mwenye kujua kusoma aliweza kukichukua na kukielewa. Tuyakumbuke maneno haya mawili, kwa maana tutayarudia tutakaposema juu ya kompyuta.

3. Daftari za Nathaniel Mtui

Shule za misioni zilipoenea mlimani baada ya Walutheri wa Leipzig kufika Machame mwaka 1893, walitokea vijana wa Kichagga walioshika kalamu kwa ajili ya habari za kwao wenyewe. Mashuhuri kati yao ni mwalimu Nathaniel Mtui wa Marangu. Huyu aliwauliza wazee habari za mamangi, za vita na za koo, akaziandika katika daftari. Nyingine aliziandika kati ya mwaka 1913 na 1916, alipokuwa akimwandikia Gutmann. Mtui hakuwa na chombo cha ajabu. Alikuwa na karatasi, wino na subira. Miaka mingi baada ya kufariki kwake, Kathleen Stahl alipotunga historia ya Wachagga iliyotolewa mwaka 1964, alizitumia sana kazi za Mtui. Wazee walioulizwa na Mtui walikuwa wamekwisha kufa. Mwulizaji mwenyewe alikuwa amekufa. Lakini daftari zilifunguka.

Gutmann naye alipatwa na jambo linalotufundisha. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wamisionari wa Kijerumani waliondolewa katika nchi mwaka 1920, naye akiwa mmoja wao. Kitabu chake kikubwa cha sheria za Wachagga kilitoka Ujerumani mwaka 1926. Mtu aliye mbali na mlima hana mzee wa kumwuliza. Ana karatasi zake tu. Kama zimeandikwa kwa haraka, bila jina wala tarehe wala mahali, hazitamjibu.

Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Watu huitumia methali hii kwa fedha na biashara, lakini maneno nayo ni mali. Hata hivyo daftari ina taabu yake. Maneno huyatunza, mpango hauonyeshi sana. Sura iliyoandikwa katika daftari ya tatu haihamishiki kwenda ya kwanza ila kwa kuinakili upya au kuikata kwa makasi. Tena mlimani kuna ukungu na unyevu, na mabondeni kuna mchwa. Na aliye na daftari moja ana nakala moja.

4. Taipureta

Taipureta iliondoa taabu moja. Kwa karatasi ya kaboni mwandishi alipata nakala mbili au tatu kwa kazi moja: moja akaituma kwa mpiga chapa, nyingine ikakaa nyumbani. Wengi hawakuona kwamba hiyo ndiyo faida kubwa ya mashine, wakisifu tu usafi wa herufi. Kwa upande wa mpango, taipureta haikuongeza kitu. Ukurasa uliokwisha pigwa ulikuwa umekwisha. Kuingiza aya moja kati ya ukurasa wa 40 na wa 41 kulimlazimisha mtu kupiga upya kurasa nyingi, au kuandika "40a" na kumwomba mpiga chapa amhurumie. Kwa hiyo waandishi wa zamani walijifunza kuufikiri mpango kabla ya kukaa mezani.

Mfano mzuri wa mpango uliofikiriwa hivyo ni kitabu cha Mangi Petro Itosi Marealle wa Marangu, Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera, kilichotolewa kwa Kiswahili mwaka 1947. Jina lake tu ni mpango: mtu huanza hapa duniani na kuishia ahera, na kila desturi yaweza kupata mahali pake katika njia hiyo moja. Kitabu hicho si riwaya. Lakini mtunga riwaya aweza kujifunza kwacho kwamba mpango mmoja ulio wazi, uwezao kusemwa kwa maneno machache, ni bora kuliko vyombo vingi.

5. Kompyuta na namna za programu

Programu za kuandikia zilianza kuenea ulimwenguni katika miaka ya 1970 na 1980: WordStar mwaka 1978, Microsoft Word mwaka 1983. Kwa mara ya kwanza sura iliweza kuhamishwa bila makasi na bila kunakili. Kwa muda mrefu programu hizo hazikusema Kiswahili. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao walitoa Jambo OpenOffice, ambayo amri zake zilitafsiriwa kwa Kiswahili. Ikaonekana kwamba lugha yetu yaweza kuamuru kompyuta kama lugha yoyote nyingine.

Leo mwandishi wa Moshi ana namna nne za kuchagua.

Namna ya kwanza ni programu za kuandikia mambo yote, kama Microsoft Word, inayolipiwa, na LibreOffice, iliyotoka katika OpenOffice mwaka 2010 na hutolewa bure. Hizi huiweka riwaya yote katika faili moja, kama karatasi moja ndefu. Watu husema hazifai kwa kupanga, lakini si kweli. Mwandishi akiviweka vichwa vya sura kwa mtindo wa vichwa uliomo ndani ya programu, badala ya kuvikoleza wino tu, orodha ya sura hutokea pembeni, naye aweza kuhamisha sura nzima kwa kukihamisha kichwa chake. Huo ndio mregho ndani ya daftari, nao umekuwa mbele ya macho ya wengi bila wao kuutumia.

Namna ya pili ni programu zilizofanywa kwa ajili ya vitabu virefu hasa. Mashuhuri ni Scrivener ya Mwingereza Keith Blount, iliyotoka mwaka 2007 kwa kompyuta za Macintosh na mwaka 2011 kwa Windows, hununuliwa. Iko pia yWriter ya Simon Haynes wa Australia, nayo hutolewa bure. Hizi huikata riwaya vipande vidogo vidogo, kila tukio na kipande chake, kama maneno ya kamusi ya Krapf. Vipande hupangwa na kupangwa tena, na kando yake hukaa maelezo ya watu na ya mahali. Kazi ikiisha, programu huviunga vyote kuwa kitabu kimoja. Kwa mtu aandikaye vipande kwa vipande, jioni moja moja, ni msaada mkubwa. Lakini kazi ya Scrivener si faili moja. Ni folda yenye faili nyingi. Mtu akiiweka katika hifadhi ya mtandaoni, kisha akaifungua katika kompyuta ya pili kabla ya faili zote kuwasili, vipande vyaweza kuvurugika. Penye mtandao wa polepole onyo hili si la mzaha.

Namna ya tatu ni Google Docs, iliyotokea mwaka 2006. Hii huyaweka maneno mbali, katika mashine za mtandaoni, na huyahifadhi yenyewe kadiri mtu aandikavyo. Kompyuta mpakato ikiibiwa au ikianguka, kazi haipotei. Na mtu aweza kuifungua kwa simu akiwa Marangu au Mombasa. Hukumbuka pia jinsi kazi ilivyokuwa jana na juzi. Upungufu wake ni kwamba yataka mtandao, ila mtu awe amejiandaa mapema kuitumia bila mtandao. Na aliyeisahau nywila yake amekaa mlangoni pa nyumba yake mwenyewe bila ufunguo.

Namna ya nne ni maandishi matupu, yasiyo na mapambo, yawezayo kufunguliwa na kompyuta yoyote. Programu ya Obsidian, iliyotoka mwaka 2020, hufanya kazi juu ya faili za namna hiyo na huziunga moja na nyingine. Ni namna isiyopendeza macho, lakini ni ngumu kuipoteza.

Sasa tufike penye kiini. Daftari la Mtui lilihitaji macho tu. Faili ya kompyuta haionekani kwa macho; huhitaji programu ya kuisomea, kama alama za mregho zilivyohitaji mwalimu. Programu ikitoweka, faili iliyoandikwa kwa namna yake peke yake hubaki kimya. Wako watu wenye diski laini za miaka ya 1990 zenye kazi zao, na kompyuta za leo hazina hata tundu la kuzitia. Kwa sababu hiyo lilikuwa jambo kubwa mwaka 2006, namna ya faili iitwayo OpenDocument, itumiwayo na LibreOffice, ilipokubaliwa kuwa kanuni ya kimataifa. Maana yake utengenezaji wa ufunguo si siri ya fundi mmoja. Hata Scrivener, ukiifungua folda yake, vipande vyake ni faili za namna iitwayo RTF, ambazo programu nyingi huzisoma. Maneno hayatapotea, ingawa utaratibu wake utakuwa taabu kuutambua.

6. Mambo yahusuyo lugha yetu

Programu hizi nyingi zilitungwa na watu wa lugha nyingine, na mwandishi wa Kiswahili yampasa kujua zitamsaliti wapi.

Kwanza ni kubadilisha maneno kwa mara moja. Tuseme mwandishi ameamua kwamba kilichopotea katika hadithi kisiwe ng'ombe bali baiskeli. Akiamuru kompyuta ibadilishe jina, atasoma: "baiskeli alipotea, akatafutwa usiku kucha." Kompyuta hubadili jina, haibadili upatanisho, na katika lugha yetu jina moja hutawala sentensi nzima. Majina ya watu na mahali yana hatari nyingine. Anayeihamisha hadithi yake kutoka Moshi kwenda Arusha, asipoamuru herufi kubwa izingatiwe, atakuta jikoni pamejaa "arusha wa kuni". Na msichana Neema akibadilishwa kuwa Rehema, mchungaji wa katika hadithi naye atajikuta akihubiri "rehema" pale alipokuwa amehubiri neema. Basi, badiliko kubwa lifanywe moja baada ya moja, kwa macho.

Pili ni kutafuta. Kitenzi chetu hubeba mtenda, wakati na mtendwa ndani ya neno moja. Kwa hiyo atafutaye "andika" hataona "amemwandikia" wala "iandikwe". Atafute shina "andik", naye atayapata yote mawili. Ajue tu kwamba "mwandishi" halimo humo. Alama ya ng'ombe nayo ina maumbo mawili katika kompyuta, iliyonyooka na iliyopinda, na katika programu nyingine umbo moja halilipati la pili. Mwandishi achague moja tangu mwanzo.

Tatu ni masahihisho. Usahihishaji wa Kiingereza uzimwe kabisa, kwa kuwa huyageuza maneno yaliyo sawa. Hata orodha ya Kiswahili yaweza kutia mstari mwekundu chini ya neno safi kama "asingalimwandikia", kwa kuwa hakuna orodha iwezayo kuyamaliza maneno yanayoundwa hivyo. Mstari mwekundu si hukumu. Na atakayetia mazungumzo ya Kichagga katika riwaya yake, ajaribu kwanza kama herufi zenye alama, ambazo wataalamu walizitumia kwa sauti zisizo na herufi katika Kiswahili, zaonekana sawasawa katika kompyuta ya mwingine, si katika yake tu.

7. Shauri letu

Msomaji atauliza: basi, tuchague ipi? Twajibu kwa kufuata njia tuliyopita. Mregho ulitunza mpango na kuyaacha maneno. Shajara na daftari vilitunza maneno na kuuacha mpango. Kamusi ilionyesha faida ya vipande vinavyojitegemea. Taipureta ilileta nakala. Kompyuta yaweza kufanya yote manne, lakini imeongeza ufunguo. Chombo chema ni kile ambacho ufunguo wake waweza kushikwa na mtu mwingine.

Kwa mwalimu asiye na fedha nyingi, mwenye kompyuta moja ya zamani, LibreOffice yatosha kwa riwaya nzima, mradi ajifunze kutumia mtindo wa vichwa. Aandikaye kwa vipande vilivyotawanyika, na hasa mwenye hadithi ya watu wengi na nyakati nyingi, yWriter au Scrivener itampunguzia mzigo. Lakini kila mwisho wa mwezi aiunge kazi yote na kuitoa kuwa faili ya kawaida. Asiye na kompyuta yake, aandikaye mara katika simu na mara katika kompyuta ya shule, Google Docs itamfaa. Naye pia atoe nakala na kuishusha.

Kabla ya kuanza, na afanye jaribio moja lisilohitaji saa nzima. Aandike sura mbili fupi, azibadilishe mahali, kisha ampe mwenzake faili hiyo katika flashi, mwenzake asiye na programu ile. Kama mwenzake ameifungua na kuisoma, chombo chafaa. La sivyo, uzuri wake wote ni bure.

Akishaanza, awe na nakala tatu: moja katika kompyuta, moja katika flashi ikaayo nyumba nyingine, na moja katika hifadhi ya mtandaoni. Kila sura ikikamilika aipige chapa katika karatasi, aandike juu yake jina lake, tarehe na namba ya sura. Umeme ukikatika karatasi husomeka. Nayo karatasi haidai programu. Tena amwonyeshe mtu mmoja wa nyumbani mahali zilipo, na nywila aiweke palipo salama ambapo mtu huyo aweza kuipata.

Wala mtu asiahirishe kuandika kwa sababu ya kutafuta programu iliyo bora kuliko zote. Mlimani kwetu watu walichimba mifongo tangu zamani, wakayaongoza maji ya mito hata vihambani, kila ukoo kwa zamu yake. Mfongo ni kazi ya heshima; lakini hauumbi maji. Programu huiongoza hadithi, haiizai. Nathaniel Mtui angalisubiri chombo kizuri zaidi ya daftari, wazee wake wangalikufa na maneno yao, nasi leo tungalikuwa na mikwaruzo juu ya mti.

Wako hata sasa, Kibosho na Rombo, Machame na Mwika, walimu wastaafu wenye hadithi ndefu vichwani, na wengine wenye sura kumi ndani ya kompyuta moja isiyojulikana na mtu. Wenzao wawatembelee, wawaulize zilipo kazi zao, na wawasaidie kuzitoa nakala mwaka huu.